Zamu ya Wifi Scholastica

Eliza hakuwa mtu wa kinyongo. Waulize wanawake wote wa bonde lile lililo chini ya msitu wa Magamba, watakwambia: Eliza ukimkosea asubuhi, jioni anakuazima chumvi. Ndivyo alivyokuwa mpaka Jumapili ile ya ubatizo. Tangu siku hiyo alipata kinyongo kimoja, akakitunza, akakimwagilia maji kama kitalu cha kabichi, na aliyewekewa kinyongo hicho alikuwa wifi yake Scholastica, dada mkubwa wa mumewe.

Ilikuwa hivi. Mtoto wa Eliza, Anord, alipofika umri wa kukaa mwenyewe alianza kuota meno, na meno yake yakatangulia ya juu. Basi. Meno tu, jamani. Lakini kwa Washambaa wa zamani mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kigego alikuwa nuksi ya ukoo mzima, wazee walimwogopa kuliko radi. Siku hizi watu wanasali, wana simu, watoto wao wako vyuoni, na hakuna anayemgusa mtoto kwa ajili ya meno. Ila hofu yenyewe haijatoka, imejibanza tu. Mama akiona jino la juu limetangulia ananyamaza, anasubiri ya chini yafike, na mambo yanaisha kimyakimya. Eliza naye alinyamaza. Kama alikosea, kosa lake ni hilo.

Scholastica ndiye aliyeombwa kusimama na mtoto kanisani, awe mama yake wa ubatizo. Alikuja amependeza, kitenge kipya, kilemba kirefu. Akampokea Anord mlangoni pa kanisa, akamchekea, na mtoto akafungua kinywa kulia. Scholastica akaona. Uso ukambadilika palepale. Mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya kwaya iliyokuwa inajipanga kuingia, alimrudisha mtoto mikononi mwa mama yake, kisha akajifuta viganja kwenye kitenge.

"Umetuzalia kigego ukatuficha," alisema, wala hakushusha sauti. "Mimi simshiki."

Eliza alimshika mwenyewe. Mchungaji alimbatiza, wimbo uliimbwa, wali ukaliwa na wale waliobaki. Lakini vile viganja vinavyojifuta Eliza hakuvisahau. Alikuwa akifua nguo, akiviona. Alikuwa akipalilia karoti, akiviona. Kujifuta mtoto wa mwenzio kama umeshika kinyesi cha kuku!

"Nitakulipa," alisema siku hiyo jikoni, peke yake, akisugua masufuria. "We subiri tu. Nitakulipa."

Labda angesahau, maana kuna hasira zinazochujuka zenyewe mtu akiwa na kazi nyingi. Lakini mambo ya Anord hayakumpa nafasi. Watoto wenzake walianza kugeuka wakiitwa, yeye akiitwa hageuki. Ungesema hasikii, mpaka mtu apasue mfuko wa biskuti chumba cha pili, hapo anafika kabla hujatoa hata moja. Wenzake walinyoosha vidole kuonyesha ndege, mbuzi, gari. Yeye akitaka kitu alimshika mama yake kifundo cha mkono, akauburuta ule mkono mpaka kwenye kitu, bila kumtazama usoni, kama vile ameokota kijiti cha kuangulia peasi. Alipanga magunzi ya mahindi mstari mmoja toka mlangoni hadi jikoni, na ole wako uguse moja. Neno hakuwa nalo. Si mama, si maji, si hapana.

Scholastica alifurahi. Nasema alifurahi, na atakayechukia achukie. Alikuwa ametamka, na sasa ilionekana alitamka kweli, na kuna watu hilo linawashibisha kuliko ugali. Alizunguka nyumba kwa nyumba na "si niliwaambia?" yake. Wanawake wakaanza kuwaita watoto wao ndani Anord akipita. Kisha akampigia simu mdogo wake Abrahamu, mumewe Eliza, aliyekuwa Tanga kwenye kazi za ujenzi. Sijui alimwambia nini na nini, lakini Abrahamu, ambaye tangu utoto hakuvaa hata shati bila dada yake kumchagulia, akaacha kuja. Krismasi hakuja. Pasaka akasema kazi zimebana.

Na kuna hili, dogo ukilisikia, lakini ndilo lililomchoma Eliza kila siku. Kwao mwanamke akishazaa haitwi tena kwa jina lake, anaitwa kwa jina la mwanawe. Bonde zima lilimwita Mama Anord. Scholastica peke yake, tangu siku ile ya kanisani, alimwita Eliza. "Wewe Eliza." Mtoni, sokoni Soni, hata msibani watu wakiwa wameinamisha vichwa. Ni sawa na kumwambia kila siku kwamba hana mtoto.

Najua wapo watakaosema Scholastica naye alizika wachanga wawili zamani, kwamba hofu ya nuksi haikumwingia bure. Sawa, aliwazika, na Eliza akiwa bado msichana alipika kwenye misiba yote miwili. Ndiyo maana hasira yake haikuwa na breki. Mtu aliyezika wawili angejua uzito wa mmoja aliye hai.

Basi Eliza akapanga kisasi chake cha kwanza. Aliona itatosha Anord aseme neno moja tu, mbele za watu. Watatoka kanisani, Scholastica atakuwa amesimama na wenzake pale uwanjani, mtoto atamwendea, atainamisha kichwa, atasema, "Shikamoo shangazi." Kwishney! Kila mdomo uliosema kigego utaziba. Eliza aliiona picha hiyo mpaka akawa anacheka peke yake shambani.

Akaanza kumfundisha. Asubuhi kabla ya uji, mchana kabla ya viazi, alimkalisha Anord kwenye kigoda, akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwa nguvu. "Nitazame. Nitazame mimi! Sema shikamoo." Mtoto alifumba macho. Aliupinda mgongo, akapiga kelele mpaka kamasi zikatoka, na Eliza hakumwachia. "Sema! Yule mwanamke anatucheka, sema!" Uji ulipoa, viazi vikapoa. Ikafika mahali Anord akiona mkono wa mama yake unanyanyuka, hata kama ni wa kumpangusa pua, anakimbilia uvunguni.

Hapo Eliza akashtuka kidogo, akambeba mgongoni mpaka mjini Lushoto. Kwenye kliniki ya watoto alikuwepo dada mmoja, Zuhura, mtaalamu wa watoto wanaochelewa kuongea, ambaye alipanda milimani kutoka Tanga mara mojamoja. Alikuwa mwembamba, ana ushungi wa buluu, na badala ya kukaa kitini alikaa sakafuni.

"Nataka dawa ya kumfungua ulimi," alisema Eliza.

"Ulimi wake haujafungwa, Mama Anord. Hebu ongea naye kama mnavyoongea nyumbani, nione."

Eliza akamshika mtoto kidevu. "Sema shikamoo." Anord alilia mpaka watu wa nje wakachungulia.

"Achia kidevu," alisema Zuhura taratibu. "Kila ukimshika hapo unamfundisha kwamba uso wako unauma."

Eliza alitamani kumzaba kibao. Mtu hajui hata jina la babu yako, anakwambia uso wako unauma! Lakini Zuhura hakuwa mwepesi wa kuogopa. Alimtazama mtoto muda mrefu, akamuuliza Eliza maswali mengi, na kabla hawajaondoka akamwambia neno ambalo Eliza hakuwahi kulisikia: usonji. Ubongo wa Anord umepangwa namna yake tangu tumboni, alisema. Si meno, si laana, si chakula ulichokula, wala si kosa ulilofanya.

"Basi njoo uyaseme hayo kanisani kwetu," Eliza alidakia. "Wifi yangu anakaa benchi la pili."

Zuhura akacheka. "Mimi nashughulika na watoto. Mawifi siwawezi."

Dawa hakutoa. Alisema atakuja nyumbani, na kweli akaja, amekaa nyuma ya pikipiki, viatu vimejaa vumbi. Alimkuta Eliza anamburuta Anord kumtoa kwenye mfereji. Huo mfereji ndio uhai wa bonde: unatoa maji kijitoni juu karibu na msitu, unayaleta mpaka kwenye mashamba, na kila shamba lina siku yake na saa zake za kunyweshea. Anord angekaa ukingoni kutwa nzima, macho kwenye maji, akipepesa vidole. Eliza alimtoa hapo kila siku, na kila siku ilikuwa vita.

"Mwache," alisema Zuhura. "Kaa naye hapohapo."

"Nikae kwenye tope? Nifanye nini?"

"Anachofanya yeye."

Zuhura akavua viatu, akakunja suruali aliyovaa chini ya gauni, akachuchumaa ndani ya maji. Anord akadondosha jani, likachukuliwa. Zuhura akadondosha jani. Hakusema kitu. Anord akadondosha jingine, na Zuhura jingine. Wakaenda hivyo mpaka Eliza akachoka kusimama. Halafu mtoto akageuka, akamtazama yule dada usoni, kidogo tu, akarudi kwenye maji yake.

Roho ilimuuma Eliza! Mwanawe hajawahi kumtazama yeye hivyo, aliyemzaa, anaamka anamtazama mgeni wa pikipiki. Akakunja kitenge, akaingia kwenye maji kwa hasira, akaanza kudondosha majani.

Zuhura alimwachia maagizo machache. Kaa chini, uso wako uwe usawa wa uso wake. Mfuate anachopenda, usimvute kwenye unachopenda wewe. Maneno machache, maana wewe, Mama Anord, unaongea kama redio. Halafu subiri. Subiri mpaka uone kusubiri kunauma, kisha subiri tena. Na la mwisho alilisema akiwa tayari amepanda pikipiki.

"Siku akikuomba kitu, kwa jicho, kwa mkono au kwa neno, mpe palepale. Usimwambie arudie. Usimwambie baadaye. Mtoto akisema halafu dunia isibadilike, atajua maneno hayana kazi, na hatahangaika nayo tena."

Eliza alishika. Si kwa upole, msidhani. Alishika kwa sababu alitaka Anord aongee, na alitaka Anord aongee ili Scholastica aumbuke. Kila siku baada ya kupalilia alichuchumaa na mwanawe kwenye tawi dogo la mfereji linaloingia kwenye karoti zake. Mwanzoni alikuwa akimsimulia habari za shangazi yake, jinsi watakavyomkomesha. Kisha akakumbuka habari ya redio, akafunga mdomo. Majani yakazaa mchezo mwingine. Eliza alikata kipande cha shina la mgomba, akakishindilia kwenye mlango wa maji. "Ziba," alisema. Maji yakajaa nyuma yake, yakapanda. Anord akakodoa macho. Eliza akaweka mkono juu ya kile kipande, akasubiri. "Ziii... bua!" Akakichomoa, maji yakaruka. Anord alicheka mpaka akaketi matopeni.

Walicheza hivyo siku nyingi, mvua za vuli zikapita, za masika zikapita. Kipindi kirefu mtoto alitazama maji tu. Kisha akaanza kutazama mkono wa mama yake ulio juu ya kizibo. Kisha, siku moja yenye ukungu, aliacha mkono akapandisha macho, polepole, mpaka usoni. Akamtazama. Akatazama kizibo. Akamtazama tena. Eliza alichomoa kizibo haraka mpaka akajikwaruza vidole, na usiulize kama alilia, maana alilia kweli, wala hakujificha. Hakuna aliyemshika kidevu mtoto siku hiyo. Macho alikuja nayo mwenyewe.

Alimpigia simu Abrahamu. Abrahamu akasema, "Haya, vizuri," na dada yake akaja kujua. Kesho yake sokoni Soni, katikati ya matenga ya hoho, Scholastica alisema kwa sauti ya kusikika, "Ati anatazama! Hata mbuzi wangu ananitazama, wewe Eliza. Akisema, ndipo unipigie simu."

Wanawake wengine walicheka. Eliza aliokota hoho zake akaondoka. Moyoni alikuwa ameshahama kwenye kisasi cha shikamoo, ameona ni cha kitoto. Akaanza kutafuta kingine, cha kuuma.

Hakulazimika kutafuta mbali. Shamba la Scholastica liko chini ya shamba lake, na mfereji unagawanyika kwenye kona ya Eliza: mkono mmoja unaingia kwake, mwingine unateremka kwa wifi yake. Ukiziba pale, chini kunakauka. Na kiangazi kilikuwa kimefika, ule upepo mkavu wa kabla ya vuli, na kabichi za Scholastica zilikuwa zinajaza vichwa. Kabichi ikikosa maji siku hizo inabaki na kichwa cha ngumi ya mtoto, hata ukimpa mnunuzi bure hapakii kwenye lori lake. Zamu ya Scholastica ilikuwa Alhamisi, toka saa sita mpaka saa kumi. Akiikosa hiyo, mpaka Alhamisi nyingine hana kabichi, ana majani.

Kilichomzuia Eliza siku zote ni mzee Mbaraka, msimamizi wa mfereji. Mzee yule alitembea ukingoni na jembe lake begani kama askari, na aliyezibia mwenzake maji aliondolewa zamu msimu mzima. Hana ndugu, hana jirani kwenye jambo hilo. Lakini wiki ile mzee Mbaraka alifiwa na binamu yake kule Vuga, akaenda msibani. Na Alhamisi ilikuwa siku ya Scholastica kupeleka karoti Soni. Alikuwa akiacha matuta yamepangwa vizuri, maji yanaingia yenyewe, yeye anarudi alasiri kuyageuza.

Eliza aliamka siku hiyo amechangamka. Alichemsha viazi akiimba. Saa sita alisimama kwenye kona ya mfereji, Anord yuko pembeni anachezea changarawe, akakata kizibo kinene cha mgomba, akakishindilia na udongo mzito kwenye mlango wa maji ya Scholastica. Maji yakasita. Akayafungulia upande wa korongo, yakaanza kumwagika kwenye mawe huko yasikoota hata magugu. Kwake hakupeleka tone. Mwizi anachukua ili apate, na Eliza hakutaka kupata. Alitaka yapotee.

"Kunywa," alisema, akitazama zile kabichi chini zilizokunja masikio kwa jua. "Kunyweni, si mlisema mwanangu nuksi? Leo mtaijua nuksi."

Utamu wa kitu kile, nisiseme uongo, ulimpanda mpaka kichwani. Alikaa ukingoni, akanyoosha miguu, tayari kukaa hapo mpaka saa kumi.

Anord alikuwa ameona kizibo kikiingia.

Aliacha changarawe zake. Alikuja, akachuchumaa mahali pake pa siku zote, akatazama kizibo. Kisha akapandisha macho kwa mama yake. Kizibo, mama. Kizibo, mama.

Eliza aliujua mtazamo huo, maana aliungojea miezi mingapi. Akatazama pembeni, upande wa msitu. "Siyo huu, baba," alisema. "Huu siyo wa kuchezea. Twende kwenye ule wetu." Akamwonyesha kwa mkono. Anord hakwenda. Eliza alihisi macho ya mtoto shavuni mwake, akakaza shingo. Leo macho yalikuwa yanamtafuta, na yeye ndiye anayeyakimbia. Alijua anachofanya. Alijiambia ni siku moja tu, kesho watarudi kwenye mchezo wao, Zuhura hayupo, nani atajua?

Ndipo akasikia kitu chenye baridi kidevuni. Kilikuwa kiganja cha Anord, kimejaa tope. Mtoto alimshika kidevu mama yake, si kwa nguvu, akamgeuza uso mpaka wakatazamana.

"Bua," alisema.



"Bua," alisema Anord, akitazama ndani ya macho yake, anasubiri. Alisubiri kama alivyofundishwa kusubiriwa.

Ee Mungu, si ungechagua siku nyingine! Miaka yote hiyo, matope yote hayo, na neno la kwanza la mwanawe linakuja kufungua maji ya Scholastica. Eliza alitazama zile kabichi chini. Aliona viganja vinavyojifuta. Alisikia wanawake wakicheka sokoni. Kisasi alichokiota tangu mlangoni pa kanisa kilikuwa hapo, kimeshindiliwa na udongo, kinahitaji tu akae kimya mpaka saa kumi. Na mtoto amesema. Akisema halafu dunia isibadilike, atajua maneno hayana kazi.

"Zi... bua!" alipiga kelele Eliza kwa sauti iliyokatika, akachomoa kizibo kwa mikono miwili. Maji yaliruka, yakaacha korongo, yakateremka mbio kwa Scholastica. Anord akarukaruka, vidole vinapepea hewani.

Alijaribu, lazima niseme. Mtu hauachi moyo wake kirahisi hivyo. Mtoto alipokuwa amelewa kicheko alirudisha kizibo, akatumaini ameridhika. "Bua," alisema Anord, na Eliza akachomoa. Akarudisha. "Bua." Akachomoa. Alikuwa anatukana na kulia na kucheka, yote kwa pamoja, kitenge kimelowa mpaka kiunoni. "Mwanaharamu yule!" alisema akimaanisha wifi yake, na "Bua," alijibiwa, na kabichi za Scholastica zikanywa, zikanywa, mpaka masikio yao yakasimama.

Scholastica mwenyewe alipanda njia ya shambani alasiri, tenga tupu kichwani.

"Wewe Eliza, maji yangu yanakuja yakikatikakatika. Kuna nini huku juu?" Kisha akaona kizibo mikononi mwa Eliza, akaona udongo mpya kwenye mlango wake wa maji. Alilishusha tenga polepole. Uso wake uling'aa. "Ahaa. Umenizibia! Mzee Mbaraka akirudi..."

Mtu mwingine angekana. Angesema nilikuwa nasafisha majani, wifi, uniwie radhi. Eliza alisimama kwenye maji, akajifuta pua kwa kiwiko.

"Nimekuzibia," alisema. "Saa sita kamili, kwa mikono yangu, na nilipanga kuziba mpaka zamu yako iishe. Nilitaka zikauke zote. Nilitaka uje uzikute uzililie."

Scholastica hakutegemea hilo. "Mbona sasa zimekunywa?"

Eliza alichuchumaa, akarudisha kizibo mahali pake. Maji yakasimama, yakaanza kupanda. Anord akatazama kizibo, akatazama mama yake.

"Bua."

Eliza akachomoa. Maji yakapita kati ya miguu ya Scholastica, yakateremka.

"Umesikia?" alisema Eliza. "Hukusema akisema nikupigie simu? Basi nakupa uso kwa uso. Mimi sikukupa hata tone leo. Kila tone lililofika kwako kakupa huyo uliyemshika ukajifuta mikono. Haya, nenda. Nenda msibani Vuga ukanishitaki kwa mzee Mbaraka, mwambie Eliza alinizibia, kigego akanifungulia. Mwambie hivyohivyo, usipunguze. Kisha urudi uvune hizo kabichi, upike, ule, na kila tonge likumbuke."

Scholastica alikuwa amesimama na mikono mbele ya kitenge. Viganja vyake vilianza kujifuta, vya mazoea tu, juu, chini, kisha vikasimama katikati. Akavitazama. Akamtazama mtoto, kwa mara ya kwanza tangu mlangoni pa kanisa.

"Mama Anord," alisema.

Neno hilo Eliza alikuwa amelingoja kuliko mvua. Alikuwa amepanga, siku atakaposikia likitoka kwenye kinywa kile, atageuka taratibu, atamtazama mtu huyo toka juu mpaka chini, na hatamwitikia. Lakini kugeuka hakuweza. Kidevu chake kilikuwa kimeshikwa na kiganja chenye tope, na zamu ilikuwa haijaisha.